Jabali lisiloanguka

Ingia ubavuni mwa mlima wowote wa Minecraft, mchezo wa kompyuta ambao dunia yake yote ni ya bloku, uchimbe ukumbi wa bloku 100 kwa 100, na usiache nguzo hata moja. Paa litakaa. Rudi baada ya mwaka mzima, utalikuta vilevile. Vitu vinavyoporomoka vyenyewe kwenye mchezo huo vinahesabika, hasa mchanga na changarawe. Jabali lenyewe halina uzito. Ukitaka unaweza kuufuta mlima wote kuanzia chini, kilele kikabaki kinaning'inia angani kama wingu lililosahauliwa.

Mchimbaji wa Geita au Kahama akioneshwa ukumbi huo, hatauliza almasi ziko wapi. Atatazama juu.

Watu hupenda kusema kwamba tofauti ya mgodi wa kwenye kioo na mgodi wa kweli ni mazimwi na nguvu za kubuni. Mimi naona mazimwi ndiyo yanayofanana zaidi, na nitayafikia. Waliotengeneza michezo hii waliielewa vizuri mno sehemu moja ya kazi, yaani kutafuta. Kisha wakaondoa paa, hewa, maji, uchenjuaji na mgao, na hayo ndiyo yanayokula karibu siku nzima ya mchimbaji.

Tuanze na sifa, maana wanastahili. Tangu toleo la 1.18 la Novemba 2021, dunia ya Minecraft inashuka hadi kimo cha -64, na kila madini yana tabia yake. Chuma kimejaa karibu na kimo cha 16, kisha tena juu milimani. Dhahabu imesongamana karibu na -16. Almasi huanza chini ya 16 na kuongezeka kadiri unavyoshuka, kwa hiyo wengi huchimba wakiwa -59, hapo juu kidogo ya sakafu isiyovunjika. Waoga, au tuseme wenye busara, husimama -53, kwa sababu mapango yaliyo chini ya hapo hujaa lava badala ya hewa.

Namna ya kuchimba nayo ina hesabu yake. Njia kuu moja, matawi pembeni, kila tawi upana wa bloku moja na kimo cha mbili, na kati ya tawi na tawi ukiacha bloku mbili au tatu. Kila hatua unavunja bloku mbili na unafunuliwa sita mpya: mbili kushoto, mbili kulia, moja juu, moja chini. Sururu ya chuma hudumu kwa bloku 250, yaani hatua 125 za tawi. Ya almasi hufika 1,561. Mwenge mmoja kila hatua 20 unatosha, kwa kuwa mazimwi siku hizi huzaliwa penye giza totoro tu. Na ukikutana na changarawe inayomiminika kutoka juu, vunja ya chini kabisa, chomeka mwenge haraka mahali pake, na zote zitakazoangukia mwenge zitavunjika zenyewe.

Huku ndiko kufikiri kwa mtafuta madini: unanunua taarifa kwa jasho, na unataka kuona mwamba mwingi iwezekanavyo kwa kuvunja mdogo iwezekanavyo. Mtu anayechimba mtaro wa kuukatisha mkanda wa dhahabu, yaani mshipa wa mwamba wenye dhahabu, anapiga hesabu ileile. Anayepima sampuli pia: anaokota jiwe jeupe lenye kutu, analitwanga kwenye kinu cha chuma mpaka liwe unga, analizungusha na maji kwenye karai, na kutazama kama kwenye ukingo wa ule unga mweusi kunabaki mkia wa njano. Njano ikimtia shaka, anaibonyeza kwa ncha ya sindano. Dhahabu hubonyea, ile ya uongo hupasuka.

Lakini ramani ya mchezo ikihamishiwa nje inapotosha, na mfano mzuri ni almasi. Mwadui, Shinyanga, ambako John Williamson aligundua almasi mwaka 1940, mwamba wenye almasi umekaa kama karoti iliyochomekwa ardhini: mpana juu, ukisinyaa kadiri unavyoshuka. Kwenda chini zaidi maana yake ni kupata mwamba mdogo zaidi. Na jirani hapo, Maganzo, wachimbaji wadogo huzitafuta kwenye tabaka za changarawe zilizo karibu na uso wa ardhi, wakichekecha na kuosha. Ndiyo changarawe ileile ambayo mchezaji huilaani ikimwangukia kichwani.

Halafu kuna wingi wenyewe. Kwenye mchezo, mikuo 9 ya dhahabu, yaani vipande vilivyotoka kwenye tanuri, hufanya bloku moja, na bloku ni mita moja ya ujazo. Dhahabu ya ukubwa huo ina uzito wa tani 19.3, kwa hiyo mkuo mmoja ni zaidi ya tani mbili, na bloku moja ya mwamba hutoa mkuo mmoja. Sasa chukua mwamba mzuri wa mchimbaji mdogo, tuseme gramu 5 kwa tani. Mita moja ya ujazo ya mwamba huo ni kama tani 2.7, yenye gramu 13 na nusu za dhahabu. Mwamba wa Minecraft umeuzidi zaidi ya mara 150,000. Gramu 5 zikiyeyushwa pamoja hazizidi punje ya njegere, na ili uipate punje hiyo umevunja, umebeba na umesaga tani nzima ya jiwe. Mfuko wa mchezaji, kwa upande wake, una nafasi 36, kila moja bloku 64. Ukijaa dhahabu tupu ni tani 44,000 na ushei, kama moja ya tano ya dhahabu yote iliyowahi kuchimbwa na binadamu, na bado mwenye nazo anaruka na kuogelea.

Mahali pekee ambapo hesabu ya mchezo hukaribiana na ya dunia ni kwenye vito. Juni 2020 Serikali ya Tanzania ilinunua mawe mawili ya tanzanaiti ya Saniniu Laizer wa Mererani kwa zaidi ya shilingi bilioni 7.7. Mawe mawili tu, kwa mkupuo mmoja. Dhahabu haikupi siku kama hiyo, inakupa viroba.

Sasa paa. Wachimbaji wa Kanda ya Ziwa huliita shimo lao duara, ingawa mara nyingi lina pembe nne. Mdomo wake ni kama mita moja kwa moja, au zaidi kidogo. Wachezaji wa Minecraft hufundishwa sheria ya kwanza kabisa: usichimbe chini ya miguu yako. Duara ni hilohilo hasa, kuchimba chini ya miguu yako, makumi ya mita.

Mita za juu ni udongo mwekundu na mwamba uliooza, pengine 10, pengine zaidi ya 20, kabla ya kugonga jabali gumu. Hapo ndipo panapotaka matimba: magogo yaliyochongwa ncha zake ili yaumane kwenye pembe, fremu juu ya fremu, pande zote nne. Nyuma ya fremu hujazwa matawi na viroba vya udongo vilivyobanwa barabara. Watu wengi hawajui umuhimu wa ule ujazo wa nyuma. Timba halina nguvu ya kusimamisha udongo ulioanza kukimbia. Kazi yake ni kuuzuia usianze. Pakiachwa uwazi wa kiganja tu, udongo unapata mahali pa kusogea, na ukishasogea unakuja na uzito wote wa juu yake.

Nayo matimba huharibika kwa njia zake. Mti mbichi ukikauka husinyaa, fremu iliyokuwa inakwaruza inaanza kucheza. Mchwa huingia kwa ndani huku ganda likibaki zima, ndiyo maana mzoefu hulichoma timba kwa ncha ya kisu badala ya kulitazama. Kifusi kikirundikwa mdomoni mwa duara kwa sababu kukipeleka mbali ni kazi, uzito wake unasukuma kuta, na mvua ikinyesha unaongezeka. Na pale maduara mawili yanapofukuza mkanda mmoja, kila upande unadhani ukuta ulio katikati ni mnene, kumbe kila mmoja ameshakula nusu yake.

Chini kwenye jabali, matimba huisha na kazi inageuka kuwa ya masikio. Baada ya kulipua, moshi ukishatoka, mtu wa kwanza kuingia hubeba mtalimbo na kuligonga paa. Husimama chini ya sehemu aliyokwisha kuithibitisha, ananyoosha mkono mbele, njia ya kukimbilia ikiwa nyuma yake bila kamba wala karai la kumkwaza. Jabali zima hulia kwa sauti kali, kama chuma kwa chuma, na mtalimbo unamrudi mkononi. Bamba lililobanduka hulia zito, bu, kama debe lenye maji. Hilo huangushwa kabla mtu hajapita chini yake. Likikataa kuanguka, linategewa nguzo au sehemu hiyo inaachwa. Shida huja mwamba unapokwisha. Nguzo za jabali zilizoachwa zishike paa nazo zina dhahabu, na mtu mwenye madeni huanza kuzitazama.

Mwaka 2015, Nyangalata, Kahama, wachimbaji watano waliokolewa wakiwa hai baada ya siku 41 chini ya kifusi. Walikuwa wakila mizizi na wadudu.

Kwenye Minecraft kuna migodi iliyotelekezwa, yenye reli zilizokatika na fremu za mbao kila hatua chache. Ni mapambo. Zing'oe zote, hakuna punje itakayodondoka. Mchezo wa Dwarf Fortress, uliotolewa mwaka 2006 na ndugu wawili, Tarn na Zach Adams, umejaribu kidogo: ukikata kila kiunganishi kati ya jabali na dunia, linaanguka na kuua. Lakini acha mraba mmoja tu umeshika, na mlima mzima utasimama juu yake. Hata hivyo nausifu kwa jambo moja. Mbilikimo wake wakifika kwenye jiwe lenye unyevu huacha kuchimba na kutoa taarifa. Ni tabia ya mchimbaji halisi. Ukuta ukianza kutoa jasho mahali palipokuwa pakavu, nyuma yake kuna maji, pengine duara la zamani lililojaa mvua ya miaka. Mererani ilizama mwaka 1998, ikazama tena mwaka 2008, na mara zote mbili waliokufa walihesabiwa kwa makumi. Kwenye Minecraft maji huzibwa kwa bonge moja la udongo.

Hewa ya shimoni mchezo hauigusi kabisa. Unaweza kujifungia usiku kucha kwenye tundu la bloku mbili na kuamka mzima. Ndani ya duara lenye kina, hewa safi huletwa na kompresa au feni iliyokaa juu, kupitia mpira mrefu. Mshumaa huzimika oksijeni ikishuka hadi kama asilimia 16, kutoka 21 ya kawaida, kwa hiyo ukizimika bila upepo, jibu ni kupanda, wala si kuuwasha tena. Ila mshumaa hausemi chochote kuhusu gesi inayotoka kwenye injini ya petroli. Gesi hiyo haina harufu, huua huku mwali ukiwaka vizuri, na hivyo ndivyo pampu ya maji iliyoshushwa ndani ya shimo ili mpira wake utoshe inavyoua watu wawili kwa mpigo: aliyekwenda kuiwasha na aliyemfuata kumwokoa.

Nilisema mazimwi ndiyo yanayofanana. Stardew Valley, mchezo wa shamba wa mwaka 2016, una mgodi wa ngazi 120 na lifti inayosimama kila baada ya ngazi 5, na viumbe wa kupigana nao karibu kila ngazi. Paa lake halijawahi kumdhuru mtu. Huu ni urithi wa wachimbaji wenyewe. Wachimbaji wa Cornwall, Uingereza, walisikia vibisho ndani ya mwamba na kusema ni vibwengo wanaoonya kabla ya kuporomoka. Mwamba unaobanwa hulia kweli kabla ya kukatika. Potosí, Bolivia, sanamu ya El Tío, mwenye mali ya chini ya ardhi, hukaa ndani ya mgodi na hupewa sigara, pombe na majani ya koka. Kanda ya Ziwa kuna waganga wa maduara na miiko yao, ikiwemo ya kuwazuia wanawake kulisogelea shimo. Mwiko huo, kwa maoni yangu, umelinda zaidi mgao wa wanaume kuliko dhahabu.

Wajerumani ndio walioacha alama kubwa. Walipata mawe yaliyofanana na ya fedha, wakayachoma, wakaambulia moshi wa sumu ya aseniki na fedha hakuna. Wakasema kobold, jini la mgodini, limeyaroga. Karibu mwaka 1735, jijini Stockholm, Georg Brandt alionesha kwamba ndani ya mawe hayo mna metali mpya, na jina la jini likabaki: kobalti. Minecraft nayo ilizaliwa Stockholm, na simu inayouendesha ina betri yenye kobalti. Zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia hutoka Kongo, hasa Kolwezi na viunga vyake, ambako wachimbaji wa mikono, wanaoitwa creuseur, hushuka kwa kamba huku wakisemezana Kiswahili cha Katanga.

Tufike kwenye tanuri. Minecraft huchukua sekunde 10 kuyeyusha mkuo mmoja, na kaa moja la mawe huyeyusha minane. Nje ya mchezo, kiroba kikishavutwa juu kwa winchi, kazi ndiyo kwanza inaanza. Mawe huanikwa, hupondwa kwa nyundo mpaka yawe kokoto, huingizwa kwenye karasha pamoja na gololi za chuma, na hutoka unga. Unga na maji humwagwa kwenye mwalo, ubao wa mteremko uliotandikwa magunia au blanketi. Dhahabu, ikiwa nzito mara saba kuliko jiwe jeupe linaloibeba, hunasa kwenye nyuzi. Magunia hukung'utwa ndani ya karai, zebaki hutiwa, mchanganyiko hukandwa, kisha hukamuliwa kwenye kitambaa. Kinachobaki ni kidonge cha kijivu, karibu nusu zebaki, nusu dhahabu.

Mteremko ukizidi, dhahabu laini hupita na maji. Ukipungua, mchanga huganda na kufunika magunia. Karasha likizunguka kupita kiasi, chembe hupondwa zikawa bapa, na chembe bapa huelea. Wanaotia zebaki ndani ya karasha lenyewe kwa haraka hujidhulumu: gololi huivunja ikawa unga wa matone madogo yasiyoshikana, nayo huondoka na maji pamoja na dhahabu iliyokwisha kuikamata. Mafuta ya injini yakidondokea unga, zebaki hupata utando na haishiki kitu.

Kuchoma kidonge kwenye moto wa wazi ndilo kosa kubwa kuliko yote. Mvuke wa zebaki hauonekani wala haunuki, huingia kwa pumzi, hushika mishipa ya fahamu, na mikono huanza kutetemeka. Chungu cha chuma kilichofungwa, chenye bomba linalopozwa kwa maji, hurudisha zaidi ya asilimia 90 ya zebaki kwenye chupa. Kinaokoa pesa vilevile. Lakini mnunuzi anataka kuona kwa macho yake dhahabu ikigeuka njano, na chuma kilichofungwa hakimwoneshi kitu, kwa hiyo kinawekwa pembeni.

Mgao huja kabla ya yote hayo. Kwenye mchezo aliyevunja bloku ndiye mwenye nayo. Kwenye duara kuna mwenye leseni, ambayo kwa mchimbaji mdogo wa dhahabu haizidi hekta 10 na hudumu miaka 7. Kuna mwenye duara anayelipia chakula, matimba na mafuta. Kuna wachimbaji, wavuta winchi na mlinzi. Maeneo mengi hugawana viroba badala ya fedha. Chukua viroba 100: 30 vya mwenye leseni, na 70 vilivyobaki hugawanywa kati ya mwenye duara na watu wake kwa makubaliano yao. Kugawana mawe yasiyosagwa maana yake kila mtu anabeba bahati yake, kwani viroba viwili vya mkanda mmoja vinaweza kutofautiana mara kumi. Kwa hiyo ugomvi huwa juu ya nani anachagua kwanza. Penye utaratibu mzuri, viroba hupangwa mstari na kuhesabiwa kwa zamu, wala hairuhusiwi kukinyanyua kimoja ili kupima uzito.

Sasa hesabu ya mwisho. Kiroba cha kilo 50 cha mwamba wa gramu 5 kwa tani kina robo gramu ya dhahabu. Zebaki kwa kawaida haiikamati hata nusu yake, kwa hiyo mchimbaji anaondoka na pointi moja, yaani sehemu ya kumi ya gramu. Inayosalia imo kwenye unga ulioosheka, unaoitwa marudio, na mara nyingi marudio hubaki kwa mwenye karasha kama sehemu ya malipo ya kusaga. Yeye huyakusanya mpaka yajae matangi, hutia chokaa ili siyanaidi, sumu inayoyeyusha dhahabu, isigeuke gesi, huichirizisha siyanaidi hiyo kwa siku kadhaa, dhahabu ikanaswa na kaboni, na kaboni ikapelekwa elusheni, mtambo wa kuivua dhahabu kutoka kwenye kaboni.

Mchezaji wa Minecraft naye ana marudio yake. Ni masanduku kwa masanduku ya kokoto za kijivu, 64 kwa kila nafasi, mpaka yanakosa pa kukaa, akaenda kuyamwaga kwenye lava.